Kuikuza injini ya Beetle hadi cc 1776 na bado ukaenda nayo kazini kila siku

Injini ya Volkswagen Beetle ilizaliwa ndogo. Za kabla ya vita zilikuwa na cc 985. Zikafuata 1131, 1192, 1285, 1493, na mwisho 1584, ambayo wote tunaiita 1600. Beetle ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, umbo la injini lilikuwa lilelile: silinda nne zilizolala, mbili huku na mbili kule, feni moja, na hakuna hata tone la maji. Kwa hiyo anayetaka kuikuza hafanyi kufuru, maana kiwanda chenyewe kiliikuza miaka nenda rudi. Ila kiwanda kilipoongeza cc kilirekebisha pia njia za oili, kipozeo na mapito ya hewa. Sisi tunabadilisha pistoni na silinda, tunawasha, kisha baada ya miezi mitatu tunalaumu pistoni.

Kabla hujanunua kitu, lielewe joto. Injini ya maji ina akiba: rejeta ikielemewa kidogo, lita kadhaa za maji humeza lile joto mpaka upate nafuu. Injini ya hewa haina akiba hiyo. Joto la hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda na kubeba valvu, linapita kwenye mapezi na kuchukuliwa na upepo wa feni, na linalobaki linabebwa na oili. Gari lilelile kwa mwendo uleule linahitaji nguvu ileile, kwa hiyo cc 1776 inayotembea kilomita 90 kwa saa barabara tambarare haichemki zaidi ya 1600 kwa kiasi cha kutisha. Joto linakuja unapozitumia zile nguvu ulizoongeza: mlimani, gari limejaa watu, mguu umezama. Injini kubwa ya kudumu ni ile inayofanya kazi nyingi chini ya uwezo wake, na maamuzi yote yanayofuata yanatoka hapo.

Chagua ukubwa kwanza

Hesabu ni rahisi. Chukua kipenyo cha silinda kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.7854, kisha kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa nne. Krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ya kiwanda kwenye 1600 ina mwendo wa milimita 69. Ukiweka silinda za milimita 90.5: 9.05 × 9.05 × 0.7854 × 6.9 × 4 unapata 1775 na ushee, ndiyo hiyo 1776.

Kuna njia ya mkato inayowavutia wengi: silinda za 87, zinazokupa cc 1641 bila kukereza chochote. Zinaingia kwenye tundu la zamani. Zinaingia kwa sababu ukuta wa silinda umepunguzwa, na ukuta mwembamba ukipata moto unapinda, ringi zinashindwa kuziba, injini inaanza kula oili. Za 88 za kuchomeka hivyohivyo ni nyembamba zaidi. Usizipe nafasi hata kwenye rafu. Ukitaka kubaki bila kukereza, baki na 85.5 ya kiwanda, uijenge vizuri.

Silinda za 92 zinatoa 1835, na hapo pana mtego mwingine. Zile za kawaida hutumia tundu lilelile la 90.5, kwa hiyo ukuta umepungua milimita 0.75 kila upande. Cc 59 za ziada kwa bei ya silinda inayochoka mapema si biashara. Za 94, yaani 1915, zina ukuta unaoridhisha na wapo wanaozitembeza kwa amani, lakini bloku inakatwa zaidi, na bloku nyingi tulizonazo zimeshaona mengi. Kubadilisha krankshafti iwe ya milimita 74 pamoja na silinda za 90.5 kunakupa 1904 tamu sana yenye mvuto wa chini, ila sasa unanunua krankshafti, unachunguza kama konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankshafti) zinagusa bloku, na injini inapanuka kiasi kwamba mabati na eksozi vinaanza kugombana. Kwa mtu anayelitegemea gari, 90.5 kwa 69 ndiyo ninayoisimamia.

Bloku

Bloku ya Beetle ni aloi ya magnesiamu, nyepesi na laini. Ishushe, ifungue nusu mbili, isafishe, kisha itazame kwenye mwanga mkali. Ufa hupenda kukaa nyuma ya flaiwili na chini ya silinda namba tatu. Ukiuona, tafuta bloku nyingine. Kuchomelea hapo ni kuahirisha msiba.

Pima matundu ya beringi kubwa za krankshafti. Yakiwa yameenda yai, bloku inapelekwa kukerezwa upya katika mstari mmoja na kuwekewa beringi za saizi ya nje iliyoongezwa. Bloku iliyokwisha kukerezwa mara mbili usiijengee injini kubwa. Angalia pia nyuzi za stadi za hedi, yaani zile bolti ndefu zinazoibana hedi kwenye bloku. Stadi zikivutwa na moto na kupoa miaka mingi, huzing'oa nyuzi kutoka kwenye magnesiamu. Zifungie nyuzi za chuma zote kumi na sita hata kama mbovu ni mbili tu, maana fundi atakuwa na bloku hiyo mezani mara moja. Na kama una hiari ya kuchagua, tafuta bloku ya 1600 ya baadaye yenye valvu mbili za kupunguza presha ya oili.

Kazi ya kukereza ni hizi: kupanua matundu ya bloku yapokee silinda za 90.5, kusawazisha sehemu silinda zinapokalia ili zote nne ziwe kimo kimoja, na kutoboa nyuzi za kuchomoa oili nje kwa ajili ya filta. Mwambie mkerezaji ang'oe na vizibo vyote vya njia za oili na kuweka vya nyuzi. Hili watu hulikwepa. Mimi nililikwepa mara moja; vumbi la chuma lililobaki kwenye njia lilichora beringi mpya ndani ya wiki, na ilinibidi nishushe injini ileile mara ya pili nikiwa sina wa kumlaumu. Kukereza kukiisha, osha kwa sabuni na brashi ndefu mpaka maji yatoke meupe, puliza kwa upepo, kisha osha tena.

Krankshafti, konrodi na uzito

Krankshafti ya kiwanda haina vizito vya kusawazisha. Ikivuka mizunguko 5000 kwa dakika inaanza kujipinda na kuipiga bloku katikati. Ukipata ya 69 yenye vizito na pini nane za flaiwili badala ya nne, hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye mradi huu. Ukibaki na ya kiwanda, jiwekee mpaka wa 4500 na uuheshimu.

Konrodi za kiwanda zinatosha zikikaguliwa, zikiwekewa bushi mpya na bolti mpya, na zote nne zikapimwa uzito ziwe sawa. Pistoni nazo vivyo hivyo. Krankshafti, flaiwili, klachi na puli vipelekwe kusawazishwa pamoja.

Hedi

Hapa ndipo injini ya hewa inapofia. Hedi zilizotumika karibu zote zina ufa kati ya kiti cha valvu na tundu la plagi, na zinakuja zimechomelewa na kusafishwa zikameta. Nunua mpya, zenye njia mbili za kuingizia hewa. Valvu za kiwanda ni milimita 35.5 za kuingiza na 32 za kutoa, na kwa 1776 ya kwenda kazini zinatosha. Za 40 na 35.5 zinapumua vizuri zaidi juu, lakini chuma kati ya viti viwili kinabaki chembamba, na ni chuma hichohicho kinachopasuka.

Hedi ikishafika mikononi, itazame mapezi yake dhidi ya mwanga, hasa karibu na plagi na tundu la eksozi. Utakuta mabaki ya kumwagia chuma kiwandani yameziba mapito. Kwa msumeno mwembamba na tupa, zibua kila mwanya mpaka mwanga upite. Ni kazi ya jioni moja na haigharimu kitu, nayo inashusha joto mahali ambapo hakuna kifaa cha kununua kitakachofika.

Mgandamizo uuhesabu, usiukisie

Uwiano wa mgandamizo wa kiwanda kwenye 1600 ulikuwa karibu 7.5 kwa 1. Kwa gari la kila siku lenye petroli ya kawaida, lenga kati ya 7.8 na 8.3. Zaidi ya hapo joto la hedi linapanda na injini inaanza kugonga mlimani.

Funga krankshafti, konrodi na pistoni moja, weka silinda bila ringi na uibane ikae sawasawa. Pandisha pistoni mpaka juu kabisa, laza rula ya chuma juu ya silinda, pima nafasi iliyobaki hadi usoni mwa pistoni. Iwe kati ya milimita 1.0 na 1.5. Ikipungua 1.0, weka shimu (washa nyembamba ya kuongezea kimo) chini ya silinda, ikizidi 1.5, mchanganyiko unachomeka kivivu na hedi inapata moto bila faida.

Kisha pima chumba cha hedi: funga valvu na plagi, paka grisi ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, jaza kwa bomba la sindano huku ukihesabu. Tuseme umepata cc 54 na nafasi ya juu ni milimita 1.2. Silinda moja ina cc 444. Nafasi ya juu ni 9.05 × 9.05 × 0.7854 × 0.12, sawa na 7.7. Jumlisha 444, 7.7 na 54 upate 505.7. Gawanya kwa 61.7, yaani 54 na 7.7 pamoja. Jibu ni 8.2. Chumba kikiwa 52 ungefika 8.4, kikiwa 56, unashuka hadi 8.0. Unaona jinsi cc mbili zinavyohamisha jibu? Pima vyumba vyote vinne.

Kamshafti

Kamshafti ndiyo mhimili unaofungua valvu. Ongeza kidogo tu. Kamshafti za Engle, W100, au W110 kwa anayependa mvuto uanzie juu kidogo, pamoja na roka (mikono inayozisukuma valvu) za kiwanda, zinakwenda vizuri na 1776. Kamshafti za mashindano zinakunyima nguvu huku chini unakoishi kila siku, na zinadai springi kali zinazokula kamshafti yenyewe. Tapeti, zile zinazotembea juu ya kamshafti, ziwe mpya. Tapeti iliyozoea kamshafti moja haihamishwi kwenda nyingine. Tazama na gia ya kamshafti: yenye ripiti tatu ni bapa, yenye nne imebonyea, na kila moja ina pampu yake ya oili. Ukizichanganya, zitagusana au presha itakimbia.

Pushrodi, vijiti vinavyotoka kwenye tapeti hadi kwenye roka, baki na za alumini. Zinatanuka pamoja na injini. Za chuma hazitanuki hivyo, utabaki na kelele za valvu maisha yako yote.

Oili

Kutoka kiwandani injini hii inabeba lita 2.5 na haina filta, ina chujio la waya tu. Kwa 1600 iliyopoa na kubadilishwa oili mara kwa mara ilitosha. Kwa 1776 weka filta ya kweli kupitia lile tundu ulilotoboa, na sampu (tangi la oili chini ya injini) ya ziada ya lita 1.5 ikiwa gari halijashushwa na halitagonga matuta. Pampu ya milimita 26 inatosha. Ya 30 inasukuma presha mpaka kipozeo kinapasuka asubuhi ya baridi.

Kipozeo chenyewe kiwe kile cha kibanda, kilichoanza na magari ya mwaka 1971. Kabla yake, kipozeo kilisimama ndani ya bati la feni, juu ya silinda namba tatu, kikaizibia upepo na kuipulizia hewa iliyokwisha kupata moto. Ndiyo maana silinda hiyo ina sifa mbaya. Kibanda kilikihamisha nyuma na kukipa njia yake ya hewa, na feni yake ni pana zaidi. Chukua seti nzima: feni, bati na mfereji wa kutolea hewa.

Kufunga

Sasa polepole. Nusu za bloku hazina gasketi. Paka gundi nyembamba mno, usiifikishe kwenye njia za oili. Nati kubwa sita za milimita 12 zikazwe kwa Nm 34 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), za milimita 8 kwa Nm 20. Kila baada ya kukaza hatua moja, zungusha krankshafti kwa mkono. Ikikwama, fungua, kwa sababu karibu kila mara ni beringi iliyokaa nje ya pini yake.

Mchezo wa krankshafti mbele na nyuma uwe milimita 0.07 hadi 0.13, na shimu ni tatu kila wakati, hata kama mbili zingekupa kipimo hichohicho. Nafasi ya ncha za ringi mbili za juu iwe 0.30 hadi 0.45, ingiza kila ringi kwenye silinda yake na upime, usiamini boksi. Mshale wa pistoni uelekee flaiwili. Mwanya wa ringi ya oili ukae upande wa juu, maana silinda imelala na oili hujikusanya chini.

Kabla ya hedi kupanda, weka yale mabati madogo yanayokaa chini ya silinda. Mara nyingi hukuta hayapo, fundi wa awali aliyaona kama mapambo. Bila hayo upepo unashuka moja kwa moja bila kuzunguka tumbo la silinda. Hedi zikazwe kwa mpangilio wa kuvuka, kidogo kidogo: Nm 25 kwa stadi za milimita 8, Nm 31 kwa za milimita 10. Kwenye roka, valvu ikiwa nusu ya safari yake, skrubu ya kurekebishia iwe sambamba na mguu wa valvu. Isipokuwa hivyo, rekebisha kwa shimu chini ya roka au urefu wa pushrodi. Nafasi ya valvu ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa.

Hewa, mafuta na moto

Mabati yote yarudi. Mpira unaozunguka injini urudi. Thamostati na vile vibao vyake ndani ya bati la feni virudi pia, ingawa kuna kijiwe kizima kitakachokuambia uvitupe. Vinaiwahisha injini kupata joto lake, na ndani ya bati vinaelekeza upepo kwenye silinda. Usifunge puli ndogo ya mashindano. Inapunguza mwendo wa feni.

Kabureta ya kiwanda, Solex 34 PICT-3, ni finyu kwa cc hizi. Kabureta mbili, moja kila upande, ndizo dawa: Solex 40 EIS au Weber 34 ICT. Kabureta moja kubwa katikati inasambaza mafuta kwa upendeleo, na bomba lake la kuingizia hupata barafu kukiwa na baridi na unyevu. Mchanganyiko usiwe wa ubahili. Plagi zikirudi nyeupe, injini inaungua huku ukifurahia matumizi ya mafuta.

Distributa iwe yenye vakyumu. Bosch 009 inapendwa kwa urahisi wake, lakini inategemea mizunguko tu, kwa hiyo ukikanyaga ghafla gari linasita. Pima taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, kwa taa, na jumla yake injini ikiwa juu isivuke nyuzi 32 kabla ya pistoni kufika kilele. Mimi huishia 28 hadi 30. Eksozi yenye mabomba ya milimita 35 inatosha, na maboksi ya hita yabaki, kwani nayo ni sehemu ya mabati.

Kuwasha mara ya kwanza

Toa plagi, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime. Rudisha plagi. Ikiwaka, ipandishe mara moja hadi kati ya 2000 na 2500 na uiweke hapo dakika 20, ukibadilisha kidogo kidogo. Usiiache ingurume chini, kwa kuwa kamshafti mpya na tapeti mpya zinahitaji oili inayorushwa kwa nguvu ili zizoeane. Tumia oili yenye zinki ya kutosha. Ukizima, mwaga oili, subiri ipoe usiku kucha, rekebisha valvu. Rudia valvu kwenye kilomita 500 na 1000. Baada ya hapo oili na valvu kila kilomita 5000.

Funga geji tatu: presha, joto la oili, na joto la hedi kwa washa inayokaa chini ya plagi ya silinda namba tatu. Presha ikiwa moto isipungue bar 2 kwenye mizunguko 2500. Oili ikae kati ya nyuzi 80 na 110. Ikigusa 120, ondoa mguu. Hedi inapotembea kawaida huwa 150 hadi 190, mlimani inaweza kugusa 205, na ikielekea 220 shuka gia moja, resi ipande, mguu ulegee: feni inazunguka kasi, mzigo unapungua, na sindano itashuka mbele ya macho yako.

Siku sindano ya oili itakapopanda kwenye barabara tambarare ambako jana haikupanda, usikimbilie kununua kipozeo cha ziada. Anza na mkanda wa feni. Kisha tafuta kitambaa au gazeti lililonyonywa kwenye mdomo wa feni, maana hutokea. Kisha taimingi, kisha mpira wa kuzunguka injini, kisha jeti za kabureta. Mara nyingi hutafika kwenye jeti.